Sherehe ya Wafanyakazi na Wanafunzi: Makosa Tuliyoyalipia

Watu 200 wakipita kwenye mstari mmoja wa chakula, kila mmoja akipakua kwa sekunde 20, wa mwisho anashika sahani baada ya saa 1 na dakika 7 hivi. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Sisi tuliifanya tukiwa tumechelewa, sherehe imekwisha, tukijiuliza kwa nini wanafunzi walioalikwa kukaa na wafanyakazi walikula wao kwa wao karibu na mlango, wakati wafanyakazi walikuwa wameshamaliza na kuanza kuaga.

Siku za familia za kampuni, maadhimisho ya miaka, hafla za kukabidhi vyeti kwa waliomaliza mafunzo kwa vitendo: zote zimetufundisha jambo moja. Watu hawachanganyiki kwa kuwekwa chini ya paa moja. Mfanyakazi atamtafuta mwenzake wa idara, mwanafunzi atamtafuta mwenzake wa darasa, wala hilo si kiburi. Hawana la kufanya pamoja, basi kila mmoja anarudi kwa anaowajua. Kila uamuzi wa kamati, kuanzia tarehe hadi mahali pa kuweka vijiko, ama unawasogeza karibu ama unawatenga.

Wiki 8 kabla

Kosa la kwanza hutokea kamati haijakaa hata mara moja, nalo ni tarehe. Kampuni huichagua kwa kalenda yake, kisha shule au chuo hupewa taarifa. Wiki hiyo ikigongana na mitihani, watakaokuja ni wale walioamriwa kuja, na watakaa wakiangalia saa. Omba kalenda ya masomo kwanza. Upande wa kampuni, epuka siku za kufunga hesabu za mwezi, halafu angalia zamu. Aliyetoka kazini alfajiri ukimwalika saa 4 asubuhi, atakuja na usingizi au hatakuja kabisa. Kama zamu hubadilishana saa 8 mchana, panga sherehe ianze saa 6 na kwisha saa 10. Wa zamu ya mchana wanapata nusu ya kwanza, wa zamu ya asubuhi nusu ya pili. Gharama yake ni kwamba shughuli kuu lazima irudiwe mara mbili, na kuna watakaolalamika. Ni afadhali hivyo kuliko nusu ya kiwanda kusikia habari za sherehe yao kwa wenzao.

Kamati ya watu 7 inatosha, mradi 2 kati yao wawe wanafunzi wenyewe, na mmoja awe mfanyakazi wa zamu, si wa ofisini. Wanafunzi ndio waliotwambia jambo ambalo mtu mzima halifikirii: agizo la kuvaa suti au nguo rasmi linawafungia nje wasio nazo. Hawatasema hawana. Watasema wanaumwa. Fulana moja kwa wote, kuanzia mkurugenzi hadi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, inaondoa aibu hiyo, lakini kusanya saizi kwa majina. Ukiagiza kwa kubahatisha, zile kubwa sana zitabaki kwenye boksi na wenye miili midogo watavaa fulana zinazofika magotini. Ongeza asilimia 10 ya akiba kwenye saizi za kati.

Kama kuna wanafunzi walio chini ya miaka 18, karatasi za ridhaa zitoke wiki 4 kabla, kwa sababu karatasi hukaa ndani ya begi hadi ikunjamane. Iandikwe saa ya kuondoka na kurudi, simu ya mzazi au mlezi, mzio wa chakula, dawa anazotumia mtoto, na swali la picha lisimame peke yake, lisizamishwe ndani ya ridhaa ya jumla. Wasiotaka kupigwa picha wasivishwe alama inayowatangaza. Nukta ndogo kwenye kona ya beji, ambayo mpiga picha ameonyeshwa, inatosha. Sisi huweka msindikizaji 1 kwa kila wanafunzi 10. Pombe haiwekwi kabisa, na mtu mzima hakai peke yake na mwanafunzi kwenye chumba kilichofungwa, hata kama ni kumwonyesha mashine. Haya yasemwe wazi kwa wafanyakazi wote siku chache kabla. Wanaoudhika kuambiwa ni wachache, na hatuwaombi radhi.

Fedha zinakovujia

Chakula na usafiri hula zaidi ya nusu ya bajeti, na hilo kila kamati hulitazamia. Kinachouma ni vitu vidogo visivyoandikwa: usafi wa ukumbi baada ya shughuli, saa za ziada za fundi sauti, mafuta ya jenereta, chakula cha madereva, maji ya ziada siku ikiwa ya jua kali. Tenga asilimia 10 hadi 15 kwa ajili ya hayo, na fungu hilo lisiguswe hadi wiki ya mwisho.

Mkataba na mtoa huduma ya chakula uonyeshe siku ya mwisho ya kubadili idadi ya walaji. Tusipoliandika hilo, tumelipia sahani za watu ambao hawakufika, na hakuna wa kumlaumu. Uliza mahudhurio mara mbili: siku 14 kabla, ambapo kila mtu husema atakuja, na siku 3 kabla ya ile siku ya mwisho ya mkataba, ambapo utapata jibu la kweli. Malipo yote yasikamilishwe kabla ya huduma. Bakiza kiasi kitakacholipwa baada ya kuhesabu pamoja, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Mabasi ndiyo mahali ambapo tumeona fedha ikiokolewa vibaya kuliko kwingine. Wanafunzi 180 na wasindikizaji 18 ni watu 198, yaani mabasi 4 ya viti 50. Kamati ikibanwa husema: tuchukue 2, yaende mara mbili. Safari ya dakika 40 inakuwa 80 kwenda na kurudi, ongeza 15 za kupanda na kushuka, basi kundi la kwanza linakaa zaidi ya saa moja na nusu bila shughuli. Jioni kundi la mwisho linakaa vilevile, limechoka, giza linaingia, wazazi wanapiga simu. Kama fedha haitoshi mabasi 4, alika wanafunzi 90.

Ukumbi, sauti na umeme

Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.5 inakaliwa na watu 8, ya mita 1.8 watu 10. Wauzaji wa huduma hupendekeza ile kubwa kwa sababu meza zinapungua. Chagua ndogo. Mwanafunzi mwenye haya hatapaza sauti kuvuka meza ya karibu mita 2 ili amuulize fundi wa umeme swali lake. Kwa kukaa hivi tenga mita za mraba 1.5 kwa kila mtu: watu 200 wanahitaji mita za mraba 300, jukwaa na meza za chakula hazijahesabiwa. Hema la mita 10 kwa 20 linatosha watu 130 hivi, si 200, hata mwenye hema aseme nini. Na kama linasimama juu ya zege, vigingi haviingii, kwa hiyo muulize ataleta mizigo gani ya kushikilia nguzo upepo ukija. Jibu la kwamba upepo hauji si jibu.

Sauti ndiyo inayoua mazungumzo kuliko kitu kingine chochote. Spika 2 kubwa mbele zinawatesa wa meza za karibu ili wa nyuma wasikie. Afadhali spika 4 au 6 ndogo zilizosambazwa pembeni, kila moja kwa sauti ya chini. Kipaza sauti kikipita mbele ya spika kitapiga mlio mkali, kwa sababu kinapokea sauti ile ile inayotoka kwenye spika na kuizungusha upya. Mshereheshaji aonyeshwe mstari sakafuni asiouvuka. Weka betri mpya kabla ya shughuli, zile za jana zisitumike. Wakati wa mazungumzo mezani, simama umbali wa mita 1 kutoka kwa mwenzako. Mkilazimika kupaza sauti ili kusikizana, kelele imefika desibeli 85 hivi, na hapo hakuna anayezungumza tena, watu wanatabasamu tu. Fundi sauti atasema muziki ukiwa chini sherehe inapoa. Msikilize kwa heshima, kisha mwambie apunguze.

Jenereta ya kVA 10 (kipimo cha ukubwa wa jenereta) hutoa kilowati 8 hivi, na usiibebeshe zaidi ya 6 kwa muda mrefu. Birika 2 za umeme za kilowati 2 kila moja zinakula 4 peke yake. Zikiwashwa kwenye waya mmoja na mitambo ya sauti, swichi itakatika, na mara nyingi hukatika hotubani, kwa sababu ndipo wapishi wanapoanza kupasha chakula. Laini ya jikoni itenganishwe na laini ya jukwaa, na mtu mmoja mwenye jina ajue swichi iko wapi. Milango ya dharura ikaguliwe asubuhi ile ile. Tumekuta kufuli kwenye mlango ambao siku moja kabla ulikuwa wazi.

Sasa turudi kwenye foleni. Meza 2 za chakula, kila moja ikihudumiwa pande zote mbili, zinatoa mistari 4. Watu 50 kwa mstari, sekunde 20 kila mmoja, wote wamepakua ndani ya dakika 17. Vyakula vyote virudiwe kwenye kila mstari, la sivyo watu watavuka kwenda upande wa pili na hesabu itaharibika. Sahani ziwe mwanzoni, vijiko na leso mwishoni, kwa kuwa mtu aliyeshika kijiko tangu mwanzo hana mkono wa kupakulia. Vinywaji viwe mbali kabisa na chakula. Waite watu kwa namba ya meza. Ukiita wageni mashuhuri kwanza, wafanyakazi wa pili na wanafunzi mwisho, umekwisha kuwaambia wanafunzi thamani yao kabla hotuba haijawaita viongozi wa kesho.

Saa ya kwanza

Kila meza ya watu 8 ipewe wafanyakazi 4 na wanafunzi 4. Wanafunzi wasichague, lakini pia usimtupe mtoto peke yake kati ya wageni: wawili wawili wanaofahamiana wakae meza moja. Huo ndio mpango uliotuchukua muda mrefu zaidi kuupata. Tulipowatawanya kabisa walinyamaza, na tulipowaacha wachague walijifungia kwenye kundi lao. Kwa wafanyakazi, hakikisha wanne hao hawatoki idara moja, na bosi asikae na anaowasimamia.

Beji iwe na jina la kwanza kwa herufi za sentimita 2, pande zote mbili, kwa sababu beji ya kamba hugeuka na mara nyingi utaona mgongo wake. Cheo kisiandikwe. Mwanafunzi akisoma neno meneja, maswali yake yanageuka kuwa ya adabu tu.

Kabla ya chakula na kabla ya hotuba, mikono ipate kazi. Kila meza ipewe karatasi 20 za A4, utepe wa gundi mita 1 na mkasi, ijenge mnara mrefu kadiri inavyoweza kwa dakika 15. Mnara upimwe baada ya kusimama dakika 1 bila kushikwa. Ni mchezo rahisi, na baadhi ya wakuu watauona wa kitoto. Lakini hapo mhandisi anakosea mbele ya mwanafunzi, mwanafunzi anamrekebisha, wote wanacheka jambo moja, na baada ya hapo swali lolote linaulizika. Tumeona minara mingi ikianguka dakika ya 14, na meza zilizoanguka ndizo zilizoendelea kuzungumza kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya chakula, meza za kazi. Wanafunzi 48, meza 8, wanafunzi 6 kwa kila meza na mfanyakazi 1 au 2. Dakika 10 za maswali, 2 za kuhama, mizunguko 5, jumla saa 1. Mzunguko wa sita tuliujaribu na sauti za wafanyakazi zilikuwa zimekauka. Wakiwa wengi zaidi ya 48, ongeza meza. Ukiongeza watu kwenye meza, wa saba atakaa nyuma na hatasikia. Kila meza iwe na kitu cha kushikwa: beringi iliyokwisha, kifaa cha kupimia, kofia ngumu, ukurasa wa daftari la ghala. Wanaokaa hapo wasiwe wakuu wa idara peke yao. Mchomeleaji, dereva, mpokezi wa wageni na mtunza ghala huulizwa maswali mengi kuliko mkurugenzi, kwa kuwa mwanafunzi anaiona njia ya kufika walipo. Waandae kwa nusu saa siku moja kabla: wasihutubie, waeleze walianzaje na walikosea wapi, na wakiulizwa mshahara wawe na jibu la kistaarabu lisilo la uongo.

Hotuba na mgeni rasmi

Hotuba 3, dakika 4 kila moja. Ukurasa mmoja wa A4 wenye mistari iliyoachana husomwa kwa dakika 2 hadi 3, kwa hiyo aliyeleta kurasa 6 amekuja kuchukua robo saa, na ni bora aambiwe mapema kwa upole na mtu anayemheshimu. Mgeni rasmi akiwekwa mwanzoni, akichelewa saa 1 watu wote wamechelewa saa 1, na watoto wamekaa na njaa. Tumwombe azungumze baada ya meza za kazi. Akichelewa, shughuli inaendelea. Akiwahi, anaiona kwa macho yake na hotuba inapata la kusema. Pendekezo hili litapingwa na wanaosimamia itifaki, na mvutano huo ndio uliotuchosha kuliko kubeba viti. Usikubali kuuahirisha hadi siku ya tukio.

Vyeti navyo vinakula muda kimyakimya. Majina 100, sekunde 15 kila moja, ni dakika 25 za kupiga makofi. Vigawiwe mezani na mfanyakazi aliyemsimamia mwanafunzi huyo, wapige picha pamoja, jukwaani waitwe wachache tu. Majina yasomwe na watu 2 dhidi ya orodha ya shule kabla ya kuchapwa, na zibaki karatasi 5 tupu na kalamu nzuri. Jina lililokosewa kwenye cheti humuumiza mtu kwa namna ambayo samahani haiitibu.

Walinzi, wafanya usafi na wahudumu wa siku hiyo ni wafanyakazi pia, hata kama mwajiri wao ni wakala. Wapangiwe zamu fupi ili kila mmoja apate saa 1 ya kukaa mezani akiwa na beji yake. Wakiachwa nje ya hema wakitazama, wanafunzi wanaona.

Wakati wa kuondoka, kila basi liwe na orodha yake ya majina, si idadi peke yake. Idadi inaweza kutimia kwa makosa, aliyeshuka hili akapanda lile. Majina yasomwe kabla injini haijawashwa.

Ahadi

Sehemu hii tulichelewa kuiona, na ndiyo inayotuuma. Katika furaha ya sherehe mfanyakazi humwambia mwanafunzi: njoo ofisini, nitakutafutia nafasi. Anasema kwa moyo mweupe, na kesho yake kazi inamfunika. Mwanafunzi anahesabu siku, anafua shati, anatumia nauli, anafika getini, na mlinzi hana jina lake kwenye orodha. Aliyeahidi hajui hata kwamba alikuja.

Siku hizi kila meza ina kadi. Anayeahidi anaandika jina lake, idara, anachoahidi na tarehe ya mwisho. Nakala moja anabaki nayo, moja anapewa mwanafunzi, moja inawekwa kwa mratibu. Namba binafsi za simu hazibadilishwi kati ya mtu mzima na aliye chini ya miaka 18. Mawasiliano yapite kwa mwalimu na mratibu wa kampuni. Kadi zimepunguza ahadi, na tumefurahi, kwani mtu akishika kalamu anaahidi anachokiweza: kusoma barua ya maombi, kumruhusu ashinde siku 1 karakana, kumtumia orodha ya masomo yanayohitajika.

Picha na shukrani zitumwe ndani ya saa 48, baada ya kuondoa picha za wale wenye nukta kwenye beji. Baada ya wiki 1 kamati ikae saa moja na stakabadhi zote, iandike kilichozidi na kilichopungua kwa idadi: sahani, lita za maji, fulana, dakika. Siku ya 30 mratibu afungue kadi. Zilizotimizwa aziweke pembeni. Kwa zile ambazo hazikutimizwa, ampigie mfanyakazi, na kama haiwezekani tena, mwanafunzi aelezwe ukweli kupitia mwalimu wake wiki hiyo hiyo, ili apate muda wa kuomba nafasi kwingine kabla muhula haujaisha.